Ukipewa kiti cha kuongoza, mtazame Kapteni Janeway, halafu mtazame zaidi anayemwigiza

Dada mdogo akipandishwa cheo mahali palipojaa wanaume, washauri hawamkosi. Shangazi atamwambia awe na adabu asije akaitwa jike dume. Rafiki atamwambia aingie mkali tangu Jumatatu ya kwanza, asicheke na mtu. Mkuu wake atamwambia asiwaangushe, maneno ambayo sijawahi kusikia mwanaume akiambiwa siku ya kukabidhiwa ofisi. Mimi nikiulizwa, jibu langu humfanya mwulizaji adhani sijamsikia vizuri: katafute tamthilia ya Kimarekani iitwayo Star Trek: Voyager, uangalie kazi ya wanawake wawili wanaotumia uso mmoja. Wa kwanza ni Kathryn Janeway, kapteni wa meli ya anga. Wa pili ni Kate Mulgrew, mwigizaji aliyemvaa kwa misimu saba. Wengi wanaoipenda tamthilia hii humwiga kapteni. Kwangu kapteni ni wa kutazamwa tu. Wa kuigwa ni mwigizaji.

Nijieleze kidogo ujue ushauri huu unatoka wapi. Nasimamia safari za malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Kazi yangu ni kuhakikisha semi imetoka na makaratasi kamili, imepita mizani bila uzito kuzidi, dereva ana posho ya kumfikisha, na gari likifa porini kati ya Mafinga na Makambako, fundi na spea wanalifuata. Madereva wengi wamenizidi umri. Wapo waliokuwa wakipanda Kitonga na semi kabla sijaanza darasa la kwanza. Nikiwa ofisini nawaona kwenye skrini: huyu yuko Tunduma kwenye foleni, yule Kasumbalesa anasubiri kuvuka, mwingine hajasogea tangu jana na simu yake haipatikani. Mtu anayeishi hivyo, akikutana na hadithi ya kapteni ambaye watu wake wako mbali na kwao na hawajui watarudi lini, haachi kuitazama.

Hadithi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Meli iitwayo Voyager, yenye watu wapatao 150, inatumwa kusaka waasi. Nguvu ngeni inaizoa na kuitupa upande wa pili wa galaksi, miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani. Hata ikikimbia kwa kasi yake yote, safari ya kurudi ni miaka 75. Waasi nao wametupwa huko huko, na meli yao inateketea kwenye mapigano, kwa hiyo wanalazimika kuhamia kwenye meli ya wale wale waliokuwa wakiwasaka, wale meza moja na kushika zamu pamoja. Kipindi cha kwanza kilirushwa Marekani tarehe 16 Januari 1995, usiku ule ule kituo cha UPN kilipozaliwa, na cha mwisho Mei 2001. Star Trek ilikuwapo tangu 1966, lakini hii ndiyo tamthilia yake ya kwanza kumkabidhi mwanamke kiti cha kapteni kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wajuzi watanikosoa, kwa hiyo niwahi. Kapteni mwanamke alikwisha kuonekana mapema, kwenye filamu ya nne ya Star Trek ya mwaka 1986, akiongoza meli iitwayo Saratoga kwa dakika chache na bila hata kupewa jina. Aliyemwigiza ni Madge Sinclair, Mjamaika. Unamjua hata kama hujawahi kuitazama Star Trek: ndiye malkia wa Zamunda, mama yake Eddie Murphy kwenye Coming to America, na ndiye sauti ya mama yake Simba kwenye The Lion King ya 1994. Na bado sijamgusa Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano wa Star Trek ya kwanza, aliyesemeshwa Kiswahili kwenye kipindi cha mwaka 1966. Huyo anahitaji makala yake.

Sasa twende kwa mwigizaji, maana hapo ndipo penye kazi.

Kiti kile hakikuwa cha Kate Mulgrew. Alifanya usaili, hakuchukuliwa. Aliyechaguliwa ni Geneviève Bujold, Mkanada mzungumzaji wa Kifaransa, nyota wa filamu aliyewahi kuteuliwa kuwania Oscar. Upigaji picha ulianza Septemba 1994, na siku ya pili haijaisha Bujold akaondoka. Mwendo wa televisheni, kurasa nyingi kwa siku moja, siku baada ya siku kwa miaka, haukuwa wake. Wakati huo seti imejengwa, waigizaji wengine wote wapo, na kituo kizima kinasubiri kuzinduliwa na kipindi hicho. Ndipo Mulgrew akaitwa. Alikuwa anakaribia miaka 40, amezaliwa Dubuque, mji wa jimbo la Iowa, katika familia ya watoto wanane, na alikuwa kazini kwenye televisheni tangu 1975. Akaingia, akakaa, na yale yaliyokwisha kupigwa yakapigwa upya naye.

Vyeo vingi tunavyopewa wanawake huja kwa njia hiyo. Mtu ameondoka ghafla, mambo yamechafuka, na wewe ndiye uliye karibu. Ushauri wangu: usipoteze usiku hata mmoja kutafuta kama wewe ni chaguo la kwanza au la tatu. Hakuna atakayekupa jibu la kweli, na ukilipata halitakusaidia kupitisha lori mizani. Aliyenitangulia aliacha kazi mizigo ikiwa njiani. Kila mtu ofisini alikuja kunisimulia habari zake, na kila msimulizi alikuwa na anachokitaka. Nilikuwa namsikiliza mtu hadi mwisho, kisha namwomba jambo moja: nionyeshe kazi iliyokwama mezani kwako. Mazungumzo yanageuka papo hapo. Kabla ya mwezi kuisha wakawa hawaji tena na habari za marehemu, kama nilivyokuwa nikimwita kimoyomoyo, ingawa mwenyewe ni mzima na ana duka lake Mbagala.

Na usimseme vibaya aliyekutangulia. Mulgrew angeweza kupata vicheko vingi kwa kumsema Bujold. Ukianza kumsema aliyepita, wanaokusikia wanajifunza jinsi utakavyosemwa wewe.

Kisha kuna nywele. Utacheka, lakini nywele za Kapteni Janeway zilikuwa shughuli ya wakubwa wa studio kwa miaka. Zibanwe juu, zishushwe, zirefushwe, zipunguzwe. Baadhi ya sehemu za kipindi cha kwanza zilirudiwa kupigwa kwa sababu ya mtindo wa nywele. Ukitazama misimu minne ya mwanzo utaona kile kifundo cha juu kikilegea, kikawa mkia, mwishowe zikakatwa fupi. Mulgrew ameliongelea jambo hili mara nyingi, kwa mzaha wenye uchungu ndani yake. Upara wa Patrick Stewart, kapteni aliyemtangulia kwenye meli nyingine, ulijadiliwa mwanzoni tu, kisha watu wakamzoea.

Alifanyaje? Kwa ninavyoona, alikubali kushindwa kwenye nywele ili asishindwe kwenye sauti. Sikiliza anavyosema neno moja la amri. Ana sauti nzito yenye mikwaruzo, haipandishi, na wala haongezi "tafadhali" ya kuomba radhi mwishoni. Wamchane watakavyo, sauti ile haikuguswa. Hili ndilo nawaambia wadada: chagua kitu kimoja ambacho hutakiachia, mengine yaache yapite. Mimi yadini navaa buti na reflekta kama fundi yeyote, na wapo walionishauri kwamba meneja apendeze. Sawa, siku ya wageni napendeza. Lakini muda wa lori kutoka nikishautaja hauongezwi, na hapo sishauriki.

Suala la kuitwa nani usiligombee. Kwenye kipindi cha kwanza kijana Harry Kim, ametoka chuo juzi, anamwita Janeway kwa heshima ya kiume, kwa sababu ndivyo kanuni ya jeshi lao ilivyo. Janeway anamwambia anapendelea "Kapteni", wanaendelea na kazi. Mimi nilianza nikiwa "binti", nikapita "madamu", sasa wazee wenyewe wananiita "mama" ingawa ningeweza kuwa mtoto wao. Hakuna nilichofanya zaidi ya kungoja.

Kuna jambo moja la kapteni, si la mwigizaji, ambalo nimelitumia hivi hivi lilivyo. Mwisho wa kipindi cha kwanza Janeway ana mtambo mbele yake unaoweza kuwarudisha wote nyumbani. Akiutumia, viumbe dhaifu wa jirani wataangukia mikononi mwa maadui. Anauvunja. Mwanamke mmoja wa upande wa waasi, B'Elanna Torres, anafoka: huyu ni nani hata atuamulie sisi sote? Anayemjibu ni Chakotay, kiongozi wa waasi, adui wa jana. Anamwambia: ni kapteni. Mara baada ya hapo Janeway anamfanya Chakotay kuwa msaidizi wake mkuu. Na B'Elanna, ambaye hata wiki haijapita tangu amvunje pua ofisa wa Janeway mwenyewe, anapewa idara nzima ya injini, mbele ya huyo huyo aliyevunjwa pua, kwa sababu anazijua injini kuliko yeye.

Sisi tuliwahi kuchukua magari ya kampuni iliyofungwa, na madereva wake wakaja pamoja na magari. Wakawa wanakaa upande wao wa yadi, wanachemsha chai yao. Kelele zao zilikuwa na mwenyewe, mzee mmoja aliyepinga kila nilichopanga, na kila akipinga nilikuwa napata habari ambayo sikuwa nayo: wakala yupi wa forodha Kasumbalesa anachelewesha makaratasi kwa makusudi, mahali gani Lubumbashi hupaswi kulaza gari, siku ipi Nakonde panafurika. Alikuwa anakijua Kiswahili cha Katanga na anajulikana hadi kwa mama lishe wa kule. Nilipopendekeza yeye awe kiongozi wa madereva wote wa njia ya Kongo, wa kwetu walinuna. Wawili walikuja kuniuliza uaminifu wao umelipwa nini. Niliwajibu kwamba nafasi hiyo haikuwa malipo ya uaminifu, ilikuwa kazi, na anayeiweza ndiye anayeipata. Yao nayo inakuja. Angalizo: mpe mpinzani kazi yenye kupimika. Ukimpa cheo cha kumnyamazisha tu, atakula cheo na kuendelea kupiga kelele, na atakuwa na haki.

Hapa ndipo naachana na kapteni, kwa sababu anayemwiga zaidi ya hapo anajitafutia maradhi. Janeway ana kitu ambacho wewe huna: waandishi. Msimu wa kwanza tunaambiwa meli ina makombora 38 na hakuna pa kupata mengine. Mashabiki wamekaa wakahesabu, na wanasema yaliyorushwa hadi mwisho ni mengi kuliko hayo kwa mbali. Meli inatobolewa wiki hii, wiki ijayo inang'aa. Kapteni halali, anaishi kwa kahawa, anashuka mwenyewe kwenye kila sayari yenye hatari, hana rafiki wa kumlilia wala mpenzi anayedumu. Kwenye kipindi kimoja cha mwaka 1998 meli inapita eneo lisilo na nyota hata moja, naye anajifungia chumbani kwa wiki nyingi, hataki kuonana na wafanyakazi wake. Ni kipindi kizuri. Lakini kinaisha ndani ya saa moja na anatoka akiwa sawa. Nimeona dada zangu kazini wakiishi hivyo, kahawa na kujifungia, na hakuna mwandishi aliyekuja kuwatoa.

Ila nimtendee haki kwa jambo moja. Kuna kipindi cha 1996 ambacho mashabiki wanakigombania hadi leo. Ajali inawaunganisha wafanyakazi wawili, Tuvok na Neelix, wanakuwa mtu mmoja mpya anayeitwa Tuvix. Ana akili, ana utu, watu wanampenda. Inapopatikana njia ya kuwatenganisha, Tuvix anaomba asiuawe. Daktari wa meli anakataa kushiriki. Janeway anaamuru, kisha anabonyeza mwenyewe. Kama alifanya sawa au vibaya, mbishane nyumbani. Mimi naangalia mkono. Hakumtuma mtu, na alipomaliza alitoka pale peke yake. Mzee wetu mmoja macho yalipungua hadi vipimo vikasema asiendeshe tena. Ofisini walitaka apelekewe barua na mlinzi getini. Nilimwita, tukakaa, nikamwambia mwenyewe, na nikamsikiliza aliponikasirikia kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukasirikiwa. Habari mbaya ya kazi ipeleke kwa mdomo wako. Na uende ukiwa umebeba kitu: mimi nilikuwa na hesabu ya mafao yake iliyokwisha kusainiwa, na nafasi ya kuwafundisha vijana pale yadini, ambayo aliikataa kwa hasira na baada ya muda akaja kuichukua.

Turudi kwa Mulgrew, na sasa nyumbani kwake. Alipoanza Voyager alikuwa na wana wawili wadogo na ndoa iliyokuwa ikivunjika. Talaka ilikamilika 1995. Siku za kupiga picha zilizidi saa 12, kwa miaka saba, akibeba maneno mengi ya kisayansi. Amesema wazi kwamba wanawe walilipia kazi ile, na kwamba tamthilia iliyompa heshima dunia nzima wao waliiona kama kitu kilichowachukulia mama. Nampenda kwa kutolifunika hilo. Wanawake wengi waliofanikiwa hukupa hotuba ya "inawezekana kabisa" na wanakuacha ukijiona mzembe.

Kwangu lilikuwa simu. Lori halina usiku. Dereva akikamatwa Mikumi saa nane za usiku anapiga, na anampigia yule anayejua atapokea. Nilichofanya si cha kishujaa: niliomba simu ya kampuni, laini yake, na zamu. Wiki moja inalala kwangu, inayofuata kwa mwenzangu, inayofuata kwa yule mzee wa Kongo. Wakubwa walisema wateja hawatapenda. Wateja hawakujua hata. Waliosumbuka ni madereva, waliotaka sauti waliyoizoea, na nao walizoea nyingine. Kama uko kwenye kazi ya aina hii, dai zamu ya simu kabla hujadai nyongeza ya mshahara. Mshahara ukiongezwa huku simu ikilala kwenye mto wako, umeuza usiku wako kwa bei uliyopangiwa na mtu mwingine.

Sasa jambo ambalo ndilo hasa lilinifanya niandike. Mwaka 1997, msimu wa nne, wakubwa waliona watazamaji hawatoshi. Wakamtoa Jennifer Lien, aliyekuwa akimwigiza Kes, wakamleta Jeri Ryan kama Seven of Nine, mwanamke aliyekombolewa kutoka kwa Waborg, maadui walio nusu viumbe nusu mashine, akiwa amevalishwa vazi la fedha linalobana mwili mzima. Magazeti yakahama. Picha zote zikawa za Seven. Kate Mulgrew alikuwa ametumia miaka mitatu kuthibitisha kwamba mwanamke anaweza kushika kiti kile bila kuuza umbo lake, na hapo akajibiwa kwa vazi. Aliumia, na maumivu yake yakamwangukia Jeri Ryan, ambaye hakuwa ameandika mkataba wa mtu wala kushona lile vazi. Hali kati yao kwenye seti ilikuwa ngumu, wote wawili wameisema. Miaka mingi baadaye Mulgrew alikiri hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba hakumtendea haki mwenzake na kwamba lawama ni yake.

Nataka uone mchoro wa jambo hilo, kwa maana utakufika. Uamuzi umefanywa juu, kwenye vikao ambavyo wewe hukuitwa na yule mgeni hakuitwa. Lakini aliye juu huwezi kumkasirikia, una mkataba naye. Aliye karibu, anayetumia choo kimoja na wewe, ndiye msichana mpya. Hasira ina tabia ya kwenda ilikoweza.

Kwetu aliletwa binti mwenye shahada, mjuzi wa mifumo ya kufuatilia magari, mchangamfu, mzuri, na bosi akamsifu kwenye kikao kabla hajamaliza wiki. Minong'ono ikaanza: huyo ndiye anayeandaliwa. Watu wanapenda sana kuwaona wanawake wawili wakipangwa kama kuku wa kupiganishwa. Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za Mulgrew. Nikapanda ngazi, nikamwuliza mkurugenzi maswali mawili: kazi ya huyu binti ni ipi, na kazi yangu kuanzia leo ni ipi. Nikaomba jibu kwa maandishi. Lilichelewa, lilikuja. Kisha nikamchukua binti tukaenda naye Tunduma, akaone foleni kwa macho, alale kwenye nyumba ya wageni yenye kelele za injini usiku kucha, aone kwa nini gari linaweza kusimama siku tatu bila dereva kuwa mzembe. Alirudi akabadilisha ripoti zake zote. Kwa hiyo usianze na binti. Anza na aliyemleta. Na hilo lifanye mapema, kabla hamjawa na historia mbaya ya kusamehana.

Ajabu ni kwamba kwenye kioo hao wawili walitengeneza uhusiano bora kuliko wote katika tamthilia ile. Janeway na Seven wanabishana kuhusu sayansi, uhuru, wajibu, na maana ya kuwa mtu, kipindi baada ya kipindi, bila mwanaume kuwa ndiye mada. Ukiwatazama huwezi kujua kamera ikizimwa kuna baridi. Hiyo nayo ichukue: unaweza kufanya kazi nzuri sana na mtu ambaye moyo wako haujamkubali. Urafiki si sharti. Heshima ya saa za kazi inatosha kulifikisha lori Ndola.

Kuhusu matunda ya yote hayo, nitaje moja tu kwa sababu linanifurahisha. Aprili 2015 mwanaanga Mwitaliano Samantha Cristoforetti, akiwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga, alipiga picha amevaa sare ya Voyager, akisubiri chombo cha mizigo kilichobeba mashine ya kahawa ya espreso. Aliisindikiza picha hiyo na maneno ya mzaha ya Janeway kuhusu kahawa ndani ya nebula, yaani wingu la gesi angani. Na mjini Bloomington, Indiana, iliwekwa sanamu ya Janeway mwaka 2020 kwa kuwa, kwa mujibu wa hadithi, ndiko atakakozaliwa. Wamarekani wana ujasiri: wamemjengea sanamu mtu ambaye hajazaliwa.

Mulgrew hakukaa chini ya sanamu hiyo. Voyager ilipoisha alirudi jukwaani akamwigiza Katharine Hepburn katika mchezo wa mtu mmoja. Kuanzia 2013 akawa Red, mpishi Mrusi wa gerezani kwenye Orange Is the New Black, bila chembe ya kapteni ndani yake. Ameandika vitabu viwili kuhusu maisha yake na wazazi wake. Mwaka 2021 akarudi kwa Janeway, safari hii kwa sauti tu, kwenye katuni ya watoto iitwayo Prodigy. Alikirudia kiti akiwa na ufundi wake mkononi, hakurudi kuomba. Ndiyo maana nawaambia walio chini yangu wasome, wachukue leseni ya daraja la juu, wajifunze forodha. Mimi mwenyewe nasomea uwakala wa forodha jioni, polepole.

Ukitaka kuitazama, usianze kwa kufuata mpangilio wote; misimu miwili ya mwanzo ina mizigo mingi. Tazama kipindi cha kwanza, kisha cha Tuvix, kisha ruka hadi mwisho wa msimu wa tatu Waborg wanapoingia, na kuanzia hapo nenda mfululizo. Kile cha msimu wa pili kiitwacho "Threshold", ambamo kapteni na rubani wake wanavuka kasi isiyovukika, wanageuka mijusi na kuzaa watoto matopeni, kitazame siku ukiwa na wageni. Kilishinda tuzo ya televisheni ya Emmy kwa urembaji, na mijusi wale kweli wametengenezwa vizuri.